Klini busta kwa sisi tunaochomeka gitaa kwenye miksa

Huku kusini ukimwambia mpiga gitaa anunue pedali, kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa, anawaza distosheni ya kukwaruza, au kama ni mtu wa sebene anawaza korasi ya kuyumbisha noti na dilei ya mwangwi basi, busta, ile ya kukuza sauti tu, haimo kabisa kichwani mwake, na ukimuonyesha atakuuliza sasa hii inafanya nini. Swali zuri tu, maana ukiichomeka dukani na kale ka-amplifaya ka mazoezi utasikia sauti imepanda kidogo, hakuna kingine, unaona kabisa unauziwa hewa. Lakini mimi nikiambiwa niache pedali zote nibebe moja tu kwenda kwenye shughuli Masasi au Newala naibeba hiyohiyo, na leo nataka nieleze kwa nini, na pia ipi inafaa kwa mazingira yetu, maana mengi yanayosemwa kuhusu hizi pedali yanasemwa na watu wenye amplifaya za valvu, zile za taa za kioo, ndani ya nyumba zao. Sisi wengi hatuna hizo, tunachomeka gitaa kwenye miksa ya kukodi na harusi inaendelea.

Kazi yake kwanza. Klini busta inachukua umeme mdogo unaotoka kwenye pikapu za gitaa, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, inaukuza, imeisha hiyo. Haikwaruzi kwa makusudi, haiweki mwangwi, haiyumbishi noti. Ikiwa nzuri ukiikanyaga unasikia gitaa lako lilelile ila limesogea mbele ya bendi. Sasa kitu ambacho watu hawakisemi vya kutosha ni kwamba matokeo hayaamuliwi na busta yenyewe, yanaamuliwa na kile kinachofuata baada yake. Pedali ileile moja ukiiweka kabla ya ovadraivu, pedali ya kukwaruza sauti, inakupa mkwaruzo mwingi na sauti haipandi sana, ukiiweka baada ya ovadraivu mkwaruzo unabaki vilevile ila sauti inapanda, ukiiweka kabla ya kompresa inamezwa karibu yote maana kazi ya kompresa ni kukandamiza chochote kinachojifanya kikubwa. Ndo maana utakuta watu wawili wanabishana, mmoja anasema hii pedali inaongeza sauti mwingine anasema haiongezi kitu inaongeza mkwaruzo tu, na wote wako sahihi, wamechomeka sehemu tofauti.

Kwa hiyo kabla hujauliza ninunue ipi, jiulize gitaa langu likitoka kwenye pedali linaenda wapi.

Kama linaenda kwenye amplifaya ya valvu ambayo tayari umeifungua mpaka imeanza kukwaruza, busta haitakupa sauti zaidi. Ni kama kumimina maji kwenye debe lililojaa, yanamwagika tu, na huko kumwagika ndo ule mkwaruzo mtamu ambao watu wa roki na bluzi wanautafuta, noti inakaa muda mrefu na inanenepa. Ndo matumizi yaliyozipa hizi pedali umaarufu tangu mwisho wa miaka ya 60 pale Mike Matthews na Electro-Harmonix yake New York walipotoa LPB-1, kiboksi chenye transista moja na kinobu kimoja. Amplifaya za wakati ule zilikuwa na nafasi kubwa ya sauti safi kabla ya kukwaruza, watu wakawa wanatafuta namna ya kuzisukuma.

Amplifaya za transista nyingine habari. Roland Jazz Chorus, ile JC-120 iliyotoka 1975, ina nafasi kubwa sana ya sauti safi na ndo maana watu wa sauti safi wanaipenda, hapo busta inakupa sauti kweli. Ila zile ndogondogo ambazo tunazikuta kumbini, nyingine ni za kinanda au hata spika za kuongelea za MC zenye tundu la gitaa, ukizisukuma hazinenepi, zinapasuka. Sauti inakuwa kama kipaza cha gari la matangazo ya mnada wa korosho. Hapo busta iwe ndogo sana au uiache nyumbani.

Halafu kuna miksa, na hapa nitakaa kidogo maana ndo maisha yetu. Bendi ya harusi, kwaya ya kanisani, vijana wanaopiga hotelini Shangani hapa Mtwara wikendi, karibu wote gitaa linaingia miksa moja kwa moja. Gitaa lenye pikapu za kawaida zisizotumia betri linataka kukutana na tundu lenye impidansi kubwa, yaani lisilonyonya sana umeme wake, kama mega-ohm moja hivi, ohm milioni. Tundu la laini kwenye miksa nyingi lina ohm elfu kumi, elfu ishirini, huko. Pikapu inakuwa imelemewa, sauti ya juu inakufa, gitaa linakuwa limefunikwa blanketi, na wewe unadhani nyuzi zimechakaa unaenda kununua nyuzi mpya bure. Miksa nyingine zina kakitufe ka Hi-Z, yaani impidansi kubwa, kwenye chaneli moja au mbili, kama kapo kabonyeze, umepona. Kama hakapo, busta yenye impidansi kubwa kwenye kuingia na ndogo kwenye kutoka inakufanyia kazi mbili kwa mpigo, inakuza na pia inaikinga pikapu isilemewe. Na waya pia, usiusahau waya. Nyaya nyingi za gitaa zina kapasitansi, ile inayomeza sauti ya juu, kama pikofaradi 100 kwa kila mita, sasa fundi mitambo amekaa mwisho wa ukumbi wewe umeunga nyaya tatu ili zifike, ile sauti ya juu inaishia njiani. Busta ikikaa karibu na miguu yako, waya mfupi kutoka kwenye gitaa, ule mrefu uwe baada ya busta, unasikia tofauti hapohapo bila kugusa kinobu chochote.

Ila kuna mtego. Pedali nyingi siku hizi zinasifiwa kwamba ni truu baipasi, maana yake ukizima gitaa linapita ndani kama waya mtupu. Kwa mwenye amplifaya ni sawa. Kwa wa miksa maana yake ukiwasha sauti inang'aa, ukizima blanketi linarudi, kwa hiyo solo na rizimu zinakuwa kama magitaa mawili tofauti. Dawa yake ni kuwa na pedali nyingine yenye bafa, yaani sakiti ya kuikinga pikapu isilemewe, inayofanya kazi hata ikiwa imezimwa. Pedali za Boss karibu zote ziko hivyo, hata ile TU-3 ya kutyunia. Iweke mwanzo kabisa halafu busta ifuate, tatizo limeisha. Kwa watu wenye multi-efekti za Zoom na wenzake, mashine yenyewe tayari ni bafa na ndani yake mara nyingi kuna busta, kwa hiyo kabla hujatoa hela ingia kwenye mipangilio uitafute, au tengeneza pachi mbili, yaani mipangilio miwili ya sauti, zinazofanana, moja iwe juu kidogo. Sio kila mtu anahitaji kununua.

Tuje kwenye namba kidogo maana zinasaidia kutoibiwa na maneno ya kwenye boksi. Desibeli ndo kipimo cha kupanda kwa sauti. Desibeli 6 ni volti mara mbili. Desibeli 20 ni volti mara kumi. MXR kwenye busta yao ya Micro Amp wanaandika 26, hiyo ni mara ishirini. Sasa piga hesabu, gitaa lenye hambaka, pikapu za koili mbili, ukilichapa linatoa nusu volti kirahisi tu na zaidi, mara ishirini ni volti 10, na pedali inakula betri ya volti 9. Haiwezi kutoa volti ambazo haina. Kwa hiyo klini busta ya volti 9 yenye nguvu kama hiyo ukiifungua mpaka mwisho sio klini tena, inakata vichwa vya mawimbi, inakwaruza yenyewe. Wengine wanaipenda hivyo, sawa, ila usiseme pedali mbovu. Ndo maana nyingine zinakubali volti 18, zinapata nafasi zaidi ya kupumua. Xotic EP Booster inakubali kuanzia 9 mpaka 18, na Keeley Katana yenyewe inaipandisha volti 9 kuwa 18 hukohuko ndani. Usichomeke 18 kwenye pedali ambayo haijaandikwa inakubali, moshi ukitoka haurudi.

Na upande wa sikio, binadamu anahisi sauti imekuwa kubwa mara mbili ikipanda kama desibeli 10. Mara mbili! Hakuna solo ya sebene inayohitaji hivyo. Kati ya 3 na 6 inatosha kabisa watu kugeuka kuangalia gitaa. Kwenye Micro Amp kinobu kikiwa chini kabisa sauti inayotoka ni karibu sawa na iliyoingia, anzia hapo upandishe polepole. Kwa hiyo ukiona jamaa amekifungua mpaka mwisho kwenye bendi ya klini jua hapo kuna ugomvi na mtu wa tumba.

Ugomvi mwingine ni na fundi mitambo, na huu nimeuona sana. Mpiga solo anajaribu mitambo saa kumi jioni busta ikiwa imezimwa, fundi anapanga geini ya chaneli, kiwango cha kukuza sauti inayoingia, vizuri, kila mtu ameridhika. Usiku sebene imekolea, maharusi wako katikati, jamaa anakanyaga, taa nyekundu kwenye chaneli inawaka, sauti inapasuka kwenye spika za mbele, fundi anavuta chaneli chini haraka. Sasa hata busta ikizimwa gitaa halisikiki tena mpaka keki inakatwa. Kwenye sendofu moja Lindi nilikuwa nimesimama pembeni ya miksa nikayasikia mazungumzo yao wakati wa mapumziko, fundi anamwambia, "Dogo gitaa lako linaruka ghafla, nikikuacha utaniunguzia twita," yaani zile spika ndogo za sauti kali. Dogo naye, "Sasa mzee, hiyo ndo solo yenyewe." Mzee akamjibu kwa upole tu, "Basi nionyeshe solo kwanza kabla watu hawajaja."

Mzee yule amemaliza kila kitu. Jaribu mitambo ukiwa umewasha, piga ile sehemu unayochapa kwa nguvu kuliko zote, mwambie fundi apange geini hapo, taa nyekundu isiguswe. Halafu zima, hiyo ndo rizimu yako, kama iko chini mno basi punguza kinobu cha busta usimwambie fundi aongeze. Muulize pia kama ameweka kompresa au limita kwenye chaneli yako, maana kama ameweka kali utakanyaga pedali usiku kucha na hakuna kitakachopanda, utabaki unailaumu pedali. Mafundi wazuri ukiwaambia mapema "hapa nitapanda kidogo kwenye solo" wanakuachia nafasi. Wasipojua wanadhani umeanza fujo.

Kuhusu kupanga na pedali nyingine kwa mtu wa sauti safi, mi napanga hivi: tyuna, kompresa, busta, korasi, dilei mwisho. Kompresa kabla ya busta kwa sababu nilizosema. Dilei baada ya busta kwa sababu ukizima busta katikati ya noti ule mwangwi wa solo unamalizika wenyewe vizuri, ukiiweka busta mwisho kabisa ukizima na mwangwi unaanguka ghafla, inasikika vibaya, na isitoshe unakuwa unakuza shhh ya pedali zote zilizotangulia. Na kama nina ovadraivu, nayo naiweka kabla ya busta ili ipande sauti. Kuna watu wanapanga kinyume na wanapiga vizuri kuliko mimi, sawa, wao wanataka mkwaruzo upande na sio sauti.

Sasa zipi. Bei sitaji maana zinacheza na dola na kila anayeleta ana bei yake.

Micro Amp ndo busta ya kwanza ninayowaambia watu, kinobu kimoja, haina mambo mengi, inakula umeme kidogo sana betri inakaa mpaka unasahau kama ipo, na impidansi ya kuingia ni kubwa kwa hiyo pikapu hailemewi. LPB-1 ni rahisi kupata hela yake na ina historia, ila sakiti yake ya asili ina impidansi ndogo kwenye kuingia, pikapu inapoteza ung'aavu kidogo, na sauti ina kajoto fulani ikipandishwa. Mbele ya amplifaya inayokwaruza ni tamu sana. Kwa kuingilia miksa kama kitu cha kwanza sio chaguo langu. EP Booster watu wanaiita klini ila sio klini hasa, imetokana na sehemu ya kukuzia sauti iliyokuwa ndani ya Echoplex EP-3, ile mashine ya mwangwi ya tepu ya zamani, wapiga gitaa waligundua hata wakizima mwangwi gitaa likipita tu ndani yake linapendeza. Inapandisha mpaka desibeli 20 na inaacha rangi yake. Kwa gitaa la singo koili, pikapu za koili moja, lenye sauti nyembamba inalipa mwili, na ukisikiliza magitaa ya dansi ya zamani, ya kina Mbaraka Mwinshehe, sauti ni safi ila sio nyembamba, kila noti inasomeka na ina nyama. Nadhani watu wetu wa solo wangeipenda hii kuliko zote kama ingekuwa inapatikana kirahisi.

Kuna nyingine ya Z.Vex inaitwa Super Hard On, hii naitaja kwa sababu moja ya kihuku. Ukizungusha kinobu chake kinakwaruza krakra krakra, na hapo kwenye kinobu wameandika kabisa kwamba kukwaruza ni sawa, maana ndivyo sakiti ilivyo, umeme wa moja kwa moja unapita kwenye kile kinobu. Sasa Mtwara kinobu kikikwaruza tunajua sababu, chumvi. Ukiishi Mikindani au Shangani upepo wa bahari unaingia kila mahali, jeki zinaota kutu ya kijani, vinobu vinakwaruza, swichi zinagoma. Kwa pedali zote nyingine krakra maana yake nunua ile dawa ya kopo ya kusafishia vifaa vya umeme, isiyo na mafuta, puliza ndani ya kinobu ukizungusha kwenda na kurudi, jeki nazo ingiza na kutoa plagi mara kadhaa. Usipulize ile ya kulainisha bawaba za mlango, inaacha mafuta yanayokusanya vumbi. Na hifadhi pedali kwenye boksi linalofunga vizuri na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, usivitupe.

Halafu kuna chaguo ambalo sio busta kwa jina, ikwalaiza. Boss GE-7 ina vitelezi saba, 100, 200, 400, 800, 1.6k, 3.2k na 6.4k, namba ndogo ni sauti nzito na kubwa ni sauti kali, kila kimoja kinapanda au kushuka desibeli 15, na pembeni kuna kingine cha sauti yote. Kwa mtu wa miksa mi hii ndo ningemwambia anunue akiwa na hela ya pedali moja tu. Sababu ya kwanza bafa ipo muda wote, hata imezimwa, lile blanketi hulioni tena. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Solo ikizama kwenye bendi mara nyingi sio kwamba iko chini, ni kwamba imekaa sehemu moja na kinanda na gitaa la kati, wote wanagombania palepale. Ukipandisha kila kitu unaongeza kelele jukwaani, ukipandisha 800 na 1.6k desibeli tatu nne na kushusha 100 kidogo ili usimkanyage mtu wa besi, gitaa linachomoza na fundi wala haoni taa ikipanda. Klini busta haina uwezo huo, inakuza mazuri na mabaya kwa pamoja. Ubaya wa GE-7 ni kwamba ukipandisha vitelezi vya juu inatoa shhh inayosikika kwenye ukumbi uliotulia, kwa mfano kanisani wakati wa sala, kwa hiyo 6.4k iache katikati au ishushe.

Na kabla ya yote hayo jaribu kinobu cha sauti cha gitaa lenyewe. Rizimu kwenye saba, solo fungua yote. Haina gharama. Shida yake ni ukishusha sauti ya juu inapungua kidogo, na mkono wa kulia uko bize, kwenye sebene ya kasi hupati nafasi ya kugusa kinobu mguu ndo uko huru. Ila kwenye kwaya nyimbo za taratibu inatosha kabisa.

Umeme sasa, maana hapa pedali nyingi zinakufa. Pedali hizi zinataka volti 9 za DC, hasi katikati, angalia kale kamchoro ka duara pembeni ya tundu. Adapta nyingi za vinanda vya Yamaha ni volti 12 na chanya iko katikati. Za ruta za intaneti nyingi pia chanya katikati. Nyingi zinaingia kwenye tundu vizuri kabisa kama zimetengenezwa kwa ajili yake, na hapo ndo hatari ilipo, zinaingia halafu zinaua. Kwa busta peke yake mi nasema tumia betri, nyingi zinakula kidogo, na betri haina muungurumo wala haijali kama kumbi haina ethi au jenereta linayumba. Chukua ya alkalaini, zile za bei chee zinavuja na kwa unyevu wetu ule ute wake unakula chuma kwa muda mfupi. Na shughuli ikiisha chomoa waya kwenye tundu la kuingilia, sio kuzima tu kwa mguu, maana kwenye pedali hizi plagi ikiwa ndani betri inaendelea kuliwa hata taa imezimwa.

Muungurumo nao, ukiwasha busta ukasikia ngrrrr imepanda usikimbilie kusema pedali mbovu, inakuza chochote kilichoingia. Shika nyuzi kwa kiganja, ukipungua basi ni gitaa linadaka kutoka kwenye taa na nyaya za ukumbini, jaribu kugeuka upande mwingine au kusogea mbali na taa za rangi za MC. Usipopungua angalia adapta na nyaya.

Kupata huku ni kuagiza. Mtwara na Lindi mjini utakuta magitaa ya kuanzia, nyuzi, pengine ovadraivu za bei rahisi, busta ni nadra, kwa hiyo ni kumwomba mtu aliyeko Dar apite Kariakoo halafu mzigo upande basi. Ikiwa ya mkononi, yaani iliyotumika, mwambie huyo mtu aende na gitaa, ajaribu mambo haya: kinobu kiwe chini kabisa kwenye Micro Amp, awashe azime, sauti iwe karibu sawa, kipandishwe polepole, sauti ipande bila kurukaruka, akanyage mara nyingi mfululizo asikie kama swichi inagoma, atikise waya kwenye matundu yote mawili, afungue mfuniko aangalie klipu ya betri kama ina kijani. Dakika kumi tu. Akuwekee kwenye kikopo kigumu, sio mfuko mlaini, maana mpaka Mtwara ni kilometa zaidi ya mia tano na buti la basi lina magunia.

Kwa wasio na hela kabisa, ile sakiti ya LPB-1 ya asili ni transista moja, rezista nne, kapasita mbili na potenshometa moja, mchoro wake umejaa kila mahali na fundi redio yeyote anayejua kushika chuma cha kulehemu anaimaliza mchana mmoja kwa vitu vya kwenye redio mbovu. Mwambie aitie kwenye boksi la chuma au kopo la bati na ethi iguse hilo bati, akikutengenezea kwenye boksi la plastiki la swichi ya ukutani utadaka muungurumo wa kila taa ya ukumbini.